Wadudu wa maua ya nyumbani: dawa ya jikoni nayo ni amana



Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni wadudu wanaoshambulia maua na mimea tunayoiotesha vyunguni, barazani na sebuleni mwetu. Tumelichagua kwa sababu jambo hilo dogo lilikaribia kututia msibani, na kosa lilikuwa letu sisi wanakamati ya msikiti, wala si la mwingine.

Msikiti wetu uko katika mtaa mmoja wa mji wa Tanga. Barazani, kati ya mlango wa kina mama na chumba cha madrasa, tumepanga vyungu na ndoo kuukuu zenye asumini, mawaridi, mrihani, mshubiri, milimau miwili na miche ya pilipili. Mwaka juzi, baada ya kiangazi kirefu, mimea ile ilianza kudhoofika. Majani ya mawaridi yalijikunja, milimau ikafanya weusi kama masizi, na asumini ikaacha kutoa maua. Mjumbe mmoja akashauri tununue dawa. Sisi tuliopewa dhamana ya ukatibu tukaandika hati ya malipo, tukaitia saini, na kijana akatumwa dukani. Muuzaji alimpimia dawa kutoka katika kopo kubwa, akaimimina ndani ya chupa tupu ya soda. Chupa ile haikuwa na jina la dawa, wala kipimo, wala onyo. Tukapulizia mara moja, na kilichobaki kikawekwa nyuma ya mlango wa madrasa.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, mtoto wa miaka saba alitoka darasani akiwa na kiu. Aliiona chupa ya soda, akaifungua, akapiga funda moja. Ukali wa dawa ulimfanya ateme sehemu kubwa ya funda lile, lakini mate yakaanza kumchuruzika na macho kumtoka machozi. Ustadhi wake alimsukutua kinywa, akambeba mpaka hospitali, nasi tukafuata nyuma na ile chupa. Daktari akauliza swali moja tu: "Hii ni dawa gani?"

Hatukuwa na jibu. Kijana aliyetumwa hakujua, mjumbe aliyeshauri hakujua, na sisi tuliotia saini hatukuwahi kuuliza. Mtoto alilazwa siku mbili, kisha, Alhamdulillah, akarudi kwao mzima. Baba yake alitusamehe. Lakini swali la daktari halijatutoka, na makala haya ni sehemu ya jibu ambalo tulipaswa kuwa nalo siku ile.

Bibi na maji ya kisima

Baada ya tukio lile, kamati iliazimia kwamba kiuatilifu cha dukani hakitaingia tena katika eneo la msikiti, na kwamba mimea itatunzwa kwa dawa za asili. Mtu wa kwanza kuja kutusaidia alikuwa bibi yake yule mtoto. Tulipomwona mlangoni tuliona haya. Tukamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, Katibu," akapita moja kwa moja mpaka kwenye vyungu, akaanza kugeuza majani.

"Mnapulizia juu," alisema, "na wenyewe wamekaa chini."

Hilo likawa somo letu la kwanza. Wadudu wengi wa maua hukaa upande wa chini wa jani, penye kivuli na ulaini. Aliyepulizia upande wa juu ameosha jani tu. Bibi akatuagiza tupare sabuni ya mche, tuichanganye na maji, tupulizie chini ya majani. Tukafanya hivyo kwa maji ya kisima cha msikiti, yale tunayotawadhia. Sabuni ikagandamana ikawa kama maziwa yaliyoharibika, povu halikupatikana, na wadudu wakabaki pale pale. Bibi alipoonyeshwa akacheka. "Maji haya mnayajua kwa kutawadha tu, hamjayafulia. Kinga maji ya mvua, mwanangu."

Alikuwa sahihi. Maji ya visima vingi vya pwani yana madini ya chokaa, na madini hayo hushikamana na sabuni yakafanya ukoko usio na kazi. Kwa maji ya mvua sabuni ile ile ilitoa povu, na wiki haikwisha kabla ya vidukari kupungua. Msomaji asiye na maji ya mvua na ajaribu maji ya bomba kwanza. Akitikisa sabuni ndani ya chupa na povu likakaa, maji hayo yanafaa. Maji yakiwa na mgando, atafute mengine.

Mjue mdudu kabla ya dawa

Afisa ugani wa kata yetu, ambaye wazee bado humwita bwana shamba, alitufundisha kwamba mtu asichanganye dawa yoyote kabla ya kumtambua mdudu. Wanaotusumbua majumbani ni hawa.

Vidukari ni wadogo, laini, wa kijani au weusi, nao hurundikana kwenye vichipukizi na matumba ya maua. Jike la kidukari huzaa watoto hai bila ya kupandwa na dume, na ndiyo maana ua lililokuwa safi Ijumaa huonekana limejaa Ijumaa inayofuata.

Vidung'ata huonekana kama vipande vya pamba nyeupe kwenye makutano ya jani na shina. Nta ile nyeupe ni vazi lao, nayo huzuia maji na dawa.

Vidugamba hufanana na vipele vya kahawia vilivyoganda kwenye shina na mishipa ya majani. Mtu huweza kuviona kwa miezi akadhani ni sehemu ya mti.

Utitiri mwekundu ni mdogo mno hata jicho huushika kwa shida. Dalili zake ni vidoa vingi vya rangi ya njano juu ya jani na utando mwembamba kama wa buibui chini yake. Huu hupenda joto na ukavu, hivyo huzidi wakati wa kiangazi na katika vyumba visivyo na unyevu.

Inzi weupe huruka kama vumbi mtu anapotikisa mche wa pilipili au nyanya, kisha hurudi palepale. Viinzi vyeusi vidogo vinavyotoka kwenye udongo wa chungu ni jambo jingine, na tutavieleza mbele.

Vidukari, vidung'ata, inzi weupe na baadhi ya vidugamba hunyonya utomvu wa mmea na kutoa maji matamu yanayonata. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi, ule tuliouita masizi kwenye milimau yetu. Vilevile sisimizi huja kuufuata utamu, na kwa ajili yake huwalinda wadudu hao dhidi ya maadui zao. Kwa hiyo msomaji akiona msafara wa sisimizi ukipanda chungu cha maua, asiwamwagie maji ya moto. Wanafunzi wa dini wanazijua hadithi zinazokataza kuwaua sisimizi na nyuki. Waliokuja kwa ajili ya utamu huondoka wenyewe utamu unapokwisha. Fuata msafara wao, nao utakuonyesha mdudu alipo.

Dawa tunazotumia

Ya kwanza ni maji matupu. Chukua chungu mpaka uani, kilaze kidogo, nyunyizia majani kwa nguvu ya wastani hasa upande wa chini, huku ukiyapangusa kwa vidole. Vidukari na utitiri wengi huanguka na hawapandi tena. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu kwa muda wa wiki mbili. Uvamizi ulio mchanga mara nyingi huishia hapa, bila ya dawa yoyote.

Ya pili ni sabuni. Para sabuni ya mche isiyo na manukato mpaka upate gramu 10, iyeyushe katika maji kidogo ya uvuguvugu, kisha ongeza maji yafike lita 1. Kwa sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 kinatosha. Usitumie sabuni ya unga, kwani ile ina kemikali za kung'arisha nguo zinazounguza majani. Sabuni haina sumu inayomfuata mdudu. Humdhuru pale tu inapomgusa ikiwa bado majimaji, kwa kuharibu ngozi yake laini na kumkausha. Ikishakauka haina kazi. Kwa sababu hiyo ni lazima iguse mwili wa mdudu, na kwa sababu haiui mayai, ni lazima irudiwe kila baada ya siku tano hadi saba, mara tatu kwa uchache.

Ya tatu ni mwarobaini. Mti huu ulifika kwetu kutoka upande wa Bara Hindi, ukapewa jina la maradhi arobaini yanayosemwa kwamba unayatibu. Nguvu yake dhidi ya wadudu imo zaidi katika kiini cha mbegu kuliko katika jani. Okota mbegu zilizoiva, zioshe nyama yake, zianike kivulini mpaka zikauke, na uzitupe zenye ukungu. Menya maganda, twanga gramu 50 za viini, ziloweke katika lita 1 ya maji usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa safi. Ongeza matone machache ya sabuni ya maji ili dawa ishike kwenye jani. Pulizia jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu yake, na utumie siku hiyohiyo uliyochuja.

Msomaji asitarajie wadudu waanguke papo hapo. Mwarobaini humwondolea mdudu hamu ya kula na kumzuia mchanga asijivue gamba ili akue. Hupungua taratibu, kwa siku kadhaa. Wengi huikatia tamaa dawa hii siku ya pili, na hapo huwa imeanza kazi.

Ya nne ni mafuta ya kupikia, kwa ajili ya vidugamba. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji, kwa lita 1 ya maji. Tikisa sana kabla na wakati wa kupulizia, maana mafuta hupanda juu. Mafuta humziba mdudu asipumue. Kabla ya kupulizia, kwangua vidugamba vikubwa kwa mswaki kuukuu. Usiipulizie dawa hii juani, wala kwenye mmea ulionyauka kwa kiu.

Kwa vidung'ata, pamba iliyoloweshwa maji ya sabuni na mkono wenye subira hufanya kazi kubwa. Wapo wanaotumia pamba yenye spiriti ya hospitali, nayo kwa hakika huyeyusha ile nta. Tumeulizwa kuhusu spiriti hiyo na kina mama wanaohofia twahara ya nguo na sebule. Wanachuoni wametofautiana juu yake, na ukurasa huu si mahali pa fatwa. Tunachosema ni kwamba mwenye shaka anaweza kuiacha bila ya hasara, akapangusa kwa sabuni mara mbili badala ya mara moja. Anayeitumia aiweke mbali na moto na watoto.

Kuhusu kitunguu saumu na pilipili, ambazo husifiwa sana, uzoefu wetu ni kwamba huwafukuza baadhi ya wadudu kwa muda mfupi na haziwamalizi. Maji ya pilipili yakipulizwa ndani ya nyumba hukohoza watu na kuwasha macho ya watoto. Sisi tumeyaacha.

Ama vile viinzi vyeusi vya udongoni, dawa yake si ya kupulizia. Watoto wake huishi kwenye udongo ulioloa muda wote, basi acha sentimita 3 za juu za udongo zikauke kabla ya kumwagilia tena, na vitapungua. Mwaga pia maji yanayobaki kwenye visahani vya chini ya vyungu. Mbu anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa uliowahi kuisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019, hutaga katika maji machache kama hayo.

Jani moja kabla ya mti mzima

Kabla ya kutumia dawa yoyote kati ya hizi, pulizia majani mawili au matatu, kisha ngoja siku mbili. Mimea yenye majani ya manyoya na vichipukizi vichanga huungua upesi. Sisi tuliipuuza hatua hii tukaupoteza mrihani wote wa mlango wa kina mama kwa sabuni tuliyoikoleza, tukidhani kwamba nyingi ni bora zaidi. Kipimo kikizidi, kinachokufa kwanza ni jani.

Pulizia asubuhi mapema au jioni jua likishapungua. Kila mmea mpya unaoletwa nyumbani, uwe wa kununua au wa zawadi, uweke peke yake kwa wiki mbili kabla ya kuuchanganya na mingine. Ondoa majani yaliyojaa wadudu, yafunge kwenye mfuko, uyatupe. Usiuzidishie mmea mbolea ya samadi, maana majani laini kupita kiasi ndiyo karamu ya vidukari.

Na wapo wadudu wa kuachwa. Mbawakawa wadogo wa mviringo, wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, hula vidukari. Watoto wao, wanaofanana na vijusi vya mamba vya rangi ya kijivu, hula zaidi. Buibui naye ni mlinzi. Thamani ya walinzi hawa Afrika iliiona katika muhogo. Kidung'ata cha muhogo kilichotoka Amerika ya Kusini kilionekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikaenea nchi kwa nchi na kuleta njaa. Mtaalamu Hans Rudolf Herren na wenzake wa taasisi ya kilimo ya IITA, nchini Nigeria, hawakukimbilia sumu. Walikwenda kumtafuta adui wake huko alikotoka, wakampata nyigu mdogo sana nchini Paraguay, wakaanza kumwachia mashambani mwaka 1981. Nyigu yule akakirudisha kidung'ata katika kiasi chake, na mwaka 1995 Herren akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Basi tukimwona mbawakawa kwenye waridi letu, tuahirishe kupulizia siku chache, tumwachie kazi.

Asili si sawa na salama

Hapa ndipo tulipotaka kufika, ndugu wasomaji, kwa sababu hapa ndipo tulipokosea mara ya pili.

Tulipokwisha kuikataa dawa ya dukani, tuliingiwa na imani kwamba kila kinachotoka kwenye mti ni salama. Mjumbe wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaja na maji aliyolowekea tumbaku, akisema wazee wake shambani waliyatumia na kila mdudu alikufa. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Aliyaleta katika chupa ya soda, akaiweka barazani. Bibi aliiona kabla yetu. Hakusema neno. Aliichukua, akaishika kifuani mpaka tulipofika, ndipo akauliza, "Katibu, hii nayo ni nini?"

Safari hii tulikuwa na jibu, lakini jibu lenyewe lilitutia aibu. Nikotini iliyomo katika tumbaku ni sumu kali kwa binadamu. Hupenya hata kwenye ngozi, na maji yaliyokolea yanaweza kumuua mtoto. Zaidi ya hayo, tumbaku huweza kubeba virusi vya mimea vinavyoharibu nyanya na pilipili. Afisa ugani alipoulizwa alithibitisha, akaongeza utupa, mmea ambao watu waliutumia zamani kulewesha samaki mtoni. Utupa huua wadudu, na huua samaki vilevile; hauna nafasi katika nyumba yenye watoto, tangi la samaki au kisima. Mafuta ya taa nayo yasitumike kabisa: huunguza mmea, na mtoto akiyanywa huingia mapafuni.

Hata mwarobaini wetu mpendwa una mpaka. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wadogo waliougua vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu zake kama dawa. Mafuta hayo ni ya kupulizia mimea, na mtoto asinyweshwe hata tone.

Kwa hiyo kamati yetu imejiwekea utaratibu, nasi tunaupendekeza kwa kila nyumba. Dawa ya mimea, iwe ya dukani au ya jikoni, haiwekwi katika chupa ya soda, ya maji wala ya juisi. Huwekwa katika chupa ya kupulizia isiyotumika kwa kitu kingine. Juu yake huandikwa kwa wino usiofutika jina la kilichomo, kipimo na tarehe. Hutengenezwa kiasi cha siku moja tu, na kinachobaki humwagwa kwenye udongo wa chungu, si kisimani wala kwenye mfereji. Vyombo vya kutwangia na kuchujia dawa havirudi jikoni. Anayepulizia hufunika pua na mdomo, huosha mikono kwa sabuni, na hapulizii karibu na chakula. Mrihani au pilipili iliyopulizwa huoshwa vizuri kabla ya kuliwa, na ile iliyopulizwa mwarobaini hungojewa siku kadhaa.

Ikiwa hapana budi kununua dawa, inunuliwe ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ikiwa katika chombo chake cha kiwandani chenye lakiri na maelezo, na ihifadhiwe kabatini kwa ufunguo. Ya kupimiwa katika chupa tupu ikataliwe, hata ikiwa rahisi namna gani. Ile ya kwetu tuliinunua kwa shilingi elfu tano.

Na Mwenyezi Mungu aepushe, mtoto akinywa dawa yoyote ya mimea, asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa au mafuta kwa kubahatisha. Asukutuliwe kinywa, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa maji mengi, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo cha dawa. Daktari atauliza swali lile tuliloulizwa sisi, na jibu liwe limeandikwa kwenye chupa.

Baraza yetu leo

Leo milimau ya msikiti imetoa majani mapya, na asumini imerudi kutoa maua. Hatujawamaliza wadudu, wala hatutarajii. Kila Jumamosi baada ya Alfajiri, kijana mmoja wa madrasa na mjumbe mmoja wa kamati hugeuza majani, huosha, na panapohitajika hupulizia. Kijana wa zamu mwezi huu ni yule yule aliyekunywa. Ameshatimiza miaka tisa. Anajua kutofautisha kidung'ata na kidugamba kutuzidi, na hakubali kugusa chupa isiyoandikwa jina.

Wiki iliyopita alitujia na daftari la kamati akataka tusaini chini ya orodha yake ya dawa zilizobaki. Tuliisoma orodha ile mstari kwa mstari, tukaenda kuzitazama chupa zenyewe kabatini, ndipo tukatia saini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, atusamehe uzembe wetu, na ajaalie nyumba zetu ziwe na kijani chenye afya. Wabillahi tawfiq.